Kwa Babu, Kuhusu Lile Jibu Lako Mahakamani

Babu,

Kuna jambo sikuwahi kukuambia, wala mama sijamwambia. Siku ile mahakamani nilijua kwa nini ulijibu vile.

Wakili wa kampuni inayotaka kukata viwanja kwenye msitu wa kijijini kwetu Kisarawe alikuuliza kama kuna yeyote anayeutumia ule msitu. Ulimtazama wakili wetu, yule dada wa miwani. Ukanitazama mimi, niliyekusindikiza nikiwa na sare za shule. Ukainama, ukasema, "Hakuna."

Wenzako wa kijijini walishika vichwa. Kampuni inadai pale ni pori tu, halina mwenyewe, na wewe ndiye uliyekuwa shahidi mkubwa wa kijiji. Wengine walisema ni uzee. Wengine wakasema mzee kala chake.

Mimi nilikumbuka jioni zetu dukani kwa mama, Kariakoo, nikikusomea karatasi za kesi huku wachukuzi wakipiga kelele wapishwe. "Soma tena hapo, mke wangu," ulikuwa ukisema, na wateja wanacheka. Siku moja nilikuuliza mle msituni mnafanyaga nini. Ukasema, "Hayo ya wanaume. Na nyinyi ya kwenu mbona hamtuambii?" Sikuuliza tena. Nilielewa ni mambo ya jando, na mbele ya mwanamke hayatajwi, hata ukiwa umeapa.

Kigoda chako bado kipo dukani. Mteja akikikalia, mama anageuka kupanga vitenge ambavyo tayari vimepangwa.

Kwenye matanga yako mtani alivaa koti lako na kofia yako, akatembea kwa fimbo yako. "Msitu? Msitu gani? Mimi kwetu Posta." Watu walicheka. Mama alicheka huku analia. Najua ni utani wa msibani, Babu, lakini mimi nilishindwa kucheka. Sikutaka ukumbukwe kwa jibu lile.

Basi nilipotoka shule nikapanda ngazi hadi ofisini kwa wakili wetu. Nilisimama mlangoni mpaka karani akaniuliza kama nimepotea.

"Shikamoo," nikamwambia wakili. "Babu hakusahau. Ni kwamba mimi na wewe tulikuwemo."

Alivua miwani. "Kumbe ni sisi," akasema.

Akaiomba mahakama imsikilize mdogo wako faraghani, wanaume peke yao, na wakili mwenzake wa kiume asimame badala yake. Jaji akakubali.

Hukumu bado. Ikitoka, iwe ya kushinda au kushindwa, nitakuja kaburini kukusomea yote, na pale utakapotaka nirudie nitarudia. Pumzika, mume wangu. Nakukosa sana.

Jana mdogo wako aliitwa ndani, mlango ukafungwa. Mimi na wakili tulikaa kwenye benchi la nje. Baada ya muda sauti yake ikaanza kutufikia. Tulitazamana, tukainuka, tukashuka ngazi zote, tukaenda kusubiri barabarani, juani.