Chumvi Kiganjani mwa Gerson

Machame, 3 Juni 2024

Baba Mdogo Aminieli,

Shikamoo. Nakusihi barua hii uisome peke yako. Hata Mama Mdogo usimdokezee neno. Poleni na baridi ya Sanya Juu. Mguu unaendeleaje? Mimi mwili mzima, moyo ndio hautulii.

Hapa barazani ninapofanya ukarani, mjane Stella anagombania ng'ombe na shemeji yake Gerson. Wazee wakaamua: ng'ombe anajua kwao, aachwe njia panda achague. Akamfuata Gerson. Watu wakapiga makofi. Lakini mimi nilisimama nyuma ya Gerson, nikaona chumvi kiganjani mwake.

Sijasema. Mwenyekiti ni mkwe wake, na mimi ni kibarua tu. Chuoni tulifundishwa kuwa mnyama husukumwa na silika, hapimi. Mbona huyu alisimama, akamtazama Stella, akautazama ule mkono, masikio yakienda huku na huku? Kama alipima, basi amechagua. Mimi nani nimpinge? Watamchukua ng'ombe wiki ijayo, na Stella hana kingine.

Mwanao,
Eunike

Sanya Juu, 8 Juni 2024

Mwanangu Eunike,

Marahaba. Mguu unalalamika, mdomo bado unakula. Siri yako ninayo.

Wazee wenu wamenichekesha! Ng'ombe wa Machame hukatiwa majani, hula bandani tangu ndama. Njia ataijulia wapi?

Lakini akili anayo. Mbwa wangu akiona nimevaa koti la kanisani, anarudi kulala. Akiona panga, anatangulia shambani. Nani alimfundisha? Sasa sikia: mwenye kuwaza ndiye hudanganywa. Jiwe halidanganyiki. Huyo ng'ombe aliwaza, akadanganywa, na aliyedanganywa hakuchagua. Wewe hukudanganywa. Uliona.

Baba yako mdogo,
Aminieli

Kiboriloni, 15 Juni 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini mguu umepata nafuu. Nimesema, mbele ya wote.

Gerson akacheka. "Karani, siku hizi unasoma mawazo ya ng'ombe?"

Nikamjibu, "Hapana, mzee. Nilisoma mkono wako."

Wengine wakaguna. Mwenyekiti akanitaka nirudishe funguo za ofisi. Lakini wazee wawili wamekataa ng'ombe achukuliwe kabla ya kikao cha Alhamisi, nami niape. Jioni ile Gerson alisimama getini kwangu mpaka giza likaingia. Ndiyo maana nimekimbilia huku.

Alhamisi nitakwenda, hata peke yangu. Ila naogopa, Baba Mdogo. Njoo tuongozane. Usinipigie, simu nimeizima. Ukifika sokoni Kiboriloni, niulizie kwa Rachel anayeuza nguo za watoto upande wa viazi. Atasema hanijui. Usikasirike; mwambie wewe ndiye uliyenifundisha kipaimara, kisha kaa kwenye benchi lake usubiri. Nitakuwa nakuona.

Mwanao,
Eunike