Goti Uliloligombania, Sista Nabwire

Sista Nabwire,

Leo nimetembea toka stendi ya Tororo hadi wodini kwako bila kupumzika njiani. Nikaingia nikikutafuta, nikuambie. Halafu nikakumbuka. Ni mwezi wa tano tangu tukuzike kwenu Masaba, na bado habari zangu zote zinakimbilia kwako kwanza.

Unakumbuka nilivyoletwa? Nilikuwa nauzia madereva mayai ya kuchemsha kwenye foleni ya malori Malaba. Lori moja likarudi nyuma. Mguu wa kulia ukakatwa juu ya goti. Wiki mbili nililia nimegeukia ukuta. Wewe ukaja na chungwa, ukakaa kitandani pangu, ukalimenya, ukalila lote peke yako.

“Mimi nakula, wewe lia,” ukasema. “Kesho tunasimama.”

Nilikasirika hata nikasahau kulia.

Na kweli tulisimama. Kila asubuhi mimi katikati ya vile vyuma viwili vya mazoezi, wewe mbele yangu unarudi kinyumenyume. “Nyafwono, usiangalie chini! Ardhi haikimbii.”

Ndipo wakaja watu wa chuo kikuu na mguu wao mpya wa majaribio, injinia Wandera na fundi wake wa kuchomelea. Nikauvaa, nikatembea, wakapiga makofi. Wewe peke yako uliona uso wangu. Nikakunong'oneza: mguu unatembea, lakini haupigi magoti. Nitamsalimiaje mama mkwe? Nitapaliliaje karanga?

Injinia alijibu kwa upole kwamba goti la kukunja hadi chini huvunjika upesi.

“Injinia,” ukamwambia, “kwetu mwanamke akisalimia wakubwa amesimama wima, watu wanauliza amekosana na nani.”

Nilidhani umemaliza. Kumbe Jumamosi uliwapakia wote kwenye gari ukawaleta kijijini kwangu Sop Sop, ukawakalisha uani kwa mama mkwe toka asubuhi. Watazame tu. Wanawake wakapalilia, wakafua, wakamenya mihogo mkekani, wakapokea wageni. Injinia aliandika, aliandika, mwishowe akaweka kalamu chini, akapiga magoti mwenyewe shambani kwenye karanga. Suruali ilichafuka! Ulicheka ukashika mbavu. Sikujua mbavu zenyewe zilikuwa zinakuuma. Ulituficha ugonjwa wako, Sista. Hilo sijakusamehe bado.

Goti la kwanza la kukunja lilipasuka. La pili likakwama limekunjwa. La tatu lilikuwa bado karakanani ulipotuacha.

Kwenye maziko nilikuja na magongo. Wanawake wote walipiga magoti kumpa mama yako pole. Mimi nikabaki juu, peke yangu, kama mti katikati ya shamba. Mama yako akanishika mkono akasema, “Simama tu, mwanangu.” Aliniambia kwa huruma. Lakini neno hilo liliniuma kuliko lori.

Goti la tatu lilipokuja sikwenda nyumbani kuonyesha watu. Nilikwenda Masaba. Mama yako alikuwa anaanika mtama. Nikashuka pole pole mbele yake, mkono mmoja ukutani, na goti likalia kwiii, kama mlango wa zamani. Akacheka. Nikacheka. Kisha tukalia, yeye na mimi, mpaka kuku wakatumalizia mtama.

Sasa wameniingiza kwenye kikosi chao. Injinia, fundi, yule fizio mpya wa mazoezi aliyechukua nafasi yako, na mimi muuza mayai, meza moja! Wiki iliyopita nimewakatalia unyayo mpya. Ulikuwa mzuri barabarani, lakini kwenye matope ya bondeni unateleza. Hawakubishana nami. Waliniuliza tu matope yenyewe yakoje, na kesho nitawapeleka wayakanyage.

Naogopa wakati mwingine, Sista. Sijasoma kama wao. Lakini nakuahidi: hakuna mguu utakaotoka karakana ile kabla ya atakayeuvaa kuulizwa anataka kufanya nini nao. Hata wakisema tumechelewa. Hata kama mgeni mkubwa anasubiri kupigwa picha nao.

Pumzika, dada. Ulituinua wengi, na mgongo wako ulichoka.

Wako,
Nyafwono