Mugomba wa Baba

Mama yangu,

Bwana akulinde hapo Mulongwe, wewe na Bibi pale kitandani kwake. Nakusalimia kwa mikono miwili. Mugongo unakuachia ulale kidogo? Maji ya muto yametulia, ao yangali yanaingia mpaka jikoni? Sisi huku kambini Burundi tuko. Watoto wanapumua, minye nasimama. Zaidi ya hapo usiniulize kwanza.

Mama Zawadi, yule muuza samaki wa ndagala wa Kavimvira, alinifikishia neno lako, tena mbele ya watu wote kwenye foleni ya maji, maana mdomo wake hauna breki. Alisema Baba Mudogo amekuja na wazee wa ukoo, wanataka mumuzikie Baba mugomba pahali pa mwili wake, juu maiti haikuonekana na miezi inakwenda. Alisema uliwafukuza na ufagio. Hapo nilicheka, Mama, unisamehe. Kisha akasema neno lenyewe ulilonitumia minye: Riziki ndiye alimuona mara ya mwisho, yeye aseme, tuzike ao tungoje.

Unajua uzito wa swali lako. Kwetu mutu akisha kuzikiwa mugomba, amekwisha. Hata akirudi na miguu yake, hawezi kupita kwenye mulango wake kama zamani. Atalala nje, wazee wachinje, wamuoshe, na hata hapo watu watamuogopa kama muzimu. Kwa hiyo nitakueleza yote, usikie mwenyewe.

Baba tulikimbia naye, lakini hakuzoea hapa. Walitupa kipande cha udongo sawa na mukeka, mbele ya mulango. Akaokota mifuko mitupu ya unga, akaijaza udongo, akapanda lengalenga na vitunguu. Vikaota, Mama! Majirani wakaja kuomba mboga, yeye anatoa huku ananung'unika. Jioni alikuwa anawasomea watoto kile kitabu chake cha kilimo kisicho na jalada, kile ulitaka kuwashia moto. Anasoma mustari mumoja, halafu anagombana nacho: "Huyu aliyeandika hajashika jembe hata siku moja! Weye, unabananisha vitunguu hivi, vitapumua wapi?" Watoto wanacheka mpaka machozi. Na mbwa wake, Watachoka, amelala juu ya miguu yake, anasikiliza kuliko wote. Lile jina bado linatuletea ugomvi. Ukimwita mbwa, jirani anafikiri ni yeye anasemwa.

Kilichomutoa hapa ni muhogo. Ulipotuma habari kwamba shamba lote majani yamejikunja na mizizi imeoza, Baba hakula siku ile. Akatafuta mukulima mumoja Murundi karibu na kambi, mwenye muhogo muzima, akamulimia shamba mpaka akapewa miti ya kupanda. Nikamuambia, "Papa, ngoja njia itulie." Akanijibu, "Mvua nayo itaningoja?" Nikamuambia atume kwa mutu. "Mbegu haitumwi kama chumvi." Unamujua. Akaifunga ile miti mugongoni na kitenge changu cha kasuku, vile tunabeba mutoto, fundo mbili kifuani, akaondoka na Watachoka. Tulisikia mupaka umefungwa, lakini yeye alisema muto wa Ruzizi anaujua toka utoto wake.

Watachoka alirudi peke yake. Nilikuwa nafua. Nikasikia watoto wanapiga kelele, "Babu amerudi! Babu amerudi!" Nikaacha nguo ndani ya povu, nikakimbia. Ni mbwa tu, Mama, mbavu nje, sikio limepasuka. Akapita katikati yetu bila kutuangalia, akaenda kulala penye mifuko ya lengalenga. Minye nikabaki njiani, naangalia kule alikotoka, najiambia muzee anatembea polepole, atafika. Nilisimama mpaka sabuni ikakauka mikononi.

Hata hapo sikukata tamaa. Kuna waliosema wamemuona sokoni Bujumbura, anauza miti ya muhogo. Nilitaka kuamini, nikaamini.

Wiki yenye imepita akafika hapa mwanaume mumoja wa Rurambo, muchunga ng'ombe ambaye ng'ombe wake wamekwisha. Alipoona yule mbwa akashika kichwa. "Huyu ni mbwa wa nani?" Nikamuambia ni wa baba yangu. Akakaa chini kabla sijamupa kiti.

Walivuka Ruzizi pamoja na watu wengine, asubuhi. Maji yalikuwa ya kifuani. Baba alikwisha kufika katikati, lakini mbwa aliogopa, akabaki nyuma kwenye ukingo analia. Baba akageuka amwite. Pale alipogeuka, maji yakaukamata ule muzigo vile upepo unakamata bati, yakamuangusha. Yule mutu akapiga kelele: "Muzee, fungua mugongo! Tupa!" Anasema Baba alimujibu, kinywa kimejaa maji: "Ni mbegu." Yule mutu akakamata kitenge, kikamuponyoka. Walimufuata kwa ukingo mpaka kwenye kona, na kwenye ile kona iko viboko, hakuna aliyethubutu kuingia. Walingoja mpaka jua likawa kali. Baba hakutoka, Mama.

Nilimutukana yule mutu. Nilimuita muongo mbele ya watoto. Hakukasirika. Akanieleza tu rangi ya kitenge, na kasuku, na zile fundo mbili, na minye nikakosa pa kushika.

Nimekasirika sana. Mbwa nilimupiga, kisha nikamukumbatia nikalia kwenye yale manyoya yake yanayonuka. Lakini ni muzee ananikasirisha zaidi. Miti ya muhogo! Muhogo unaota kila mahali, baba anaota wapi?

Kukuandikia "ngojeni" kungekuwa rahisi. Ungeendelea kumuwekea sahani, minye nami ningeendelea kuangalia njia, na tungezeeka hivyo, kila mutu ng'ambo yake. Siwezi hivyo.

Muzike, Mama. Muite Baba Mudogo arudi na wazee. Mukate mugomba munene kwenye shamba lake mwenyewe, muuvalishe shati lake la misa, muulaze kwenye mukeka, musiharakishe. Weye ulie kwa sauti. Umejizuia vya kutosha.

Kisha iko neno la udongo. Mutoto wa kwanza ndiye anatupa udongo wa kwanza, na mutoto wa kwanza ni minye, na siwezi kufika. Ndani ya mufuko ambao Mama Zawadi anakuletea utaona kifurushi kimefungwa na uzi mwekundu. Si unga, usikipike. Ni udongo nimeutoa kwenye mifuko yake ya lengalenga, nimeuchota na mukono wangu wa kuume. Mutu yeyote asitupe kitu kabla yake.

Unisalimie Baba Mudogo, umuambie sina kinyongo naye. Umusalimie mudogo wangu Neema, asiache masomo juu ya kilio. Umusalimie jirani yetu fundi baiskeli, aliyekusaidia kutoa matope. Na Bibi umushike mukono kwa ajili yangu. Ni yeye alimuzaa, habari ya viboko usimupe. Umuambie mutoto wake alilala.

Ni minye, mutoto wako,
Riziki