Mwili Kwetu, Injini kwa Shemeji

Jumapili, 4 Mei

Mchungaji kahubiri juu ya ndugu kupatana. Huku nimekaa mimi na mume wangu. Kule, ng'ambo ya njia ya katikati, kakaa shemeji yangu, kaka yake wa tumbo moja. Kila mmoja anaitikia "Amina!" kwa nguvu — kwa niaba ya mwenzake. Ee Bwana, najua ulisikia. Kama ulicheka sijui. Mimi niliuma kitabu cha nyimbo.

Kisha shemeji akaja kula kwetu kama Jumapili zote. Kununa ni kununa, sahani ni sahani.

"Shemeji, mwambie mumeo chumvi iko kwake."

"Mke wangu, mwambie huyo mikono anayo."

Mwaka wa tatu huu mimi ndiye posta. Wanakaa meza moja, magoti yanagusana, na maneno yote lazima yapitie kwangu. Nimechoka kutafsiri Kiswahili kwenda Kiswahili!

Na sababu yenyewe! Si shamba, si nyumba. Ndege. Tena si ya kupanda mtu — ndege ya waya, ndefu kama mkono wangu, aliyoiunda marehemu baba mkwe ujanani kwa mbao nyepesi kama mkate mkavu. Unasimama katikati ya uwanja umeshika kishikio. Nyaya mbili nyembamba zinatoka mkononi mwako mpaka kwenye bawa, nayo inakuzunguka kama mbuzi aliyefungwa kigingini. Mbuzi mwenye hasira. Ukiinua mkono inapanda, ukishusha inashuka. Kuzima huwezi. Inazunguka mpaka mafuta yaishe, nawe unazunguka nayo.

Tulipomzika baba mkwe, udongo haujakauka, shemeji akaingia na bisibisi, akang'oa injini. Eti yeye ndiye mkubwa. Mume wangu akaukumbatia mwili, akasema yeye ndiye aliyekuwa akimshikia baba ndege kila ikiruka. Basi. Mwili kwetu, injini kwa shemeji. Hata Suleimani alitishia tu kumkata mtoto. Hawa wamekata kweli!

Leo, kati ya ugali na mboga — tonge mkononi — shemeji akasema: "Shemeji, mwambie mumeo mwisho wa mwezi nahama. Binti yangu ananichukua nikakae naye."

Kwa binti yake ni mbali. Siku mbili kwa basi. Mume wangu hakusema nimwambie nini. Aliinamia sahani. Nikaona sikio limemwiva.

Wakiachana hivi, Bwana, wataonana tena mmoja akiwa sandukuni.


Jumatatu, 5 Mei

Sijalala vizuri. Si ajabu, juu ya kitanda chetu zinaning'inia ndege kumi na moja. Mume wangu huziokota minadani, zimevunjika mabawa, zimeliwa na panya, anazileta nyumbani kama mtu anayeokota yatima. Fundi wa feni mchana, usiku anaunga mbavu za ndege. Ndiyo maana namwita Gundi. Vidole vyake vimenata tangu siku ya posa. Mwaka jana moja ilikata uzi tukiwa tunasali, ikanidondokea utosini nikiwa kwenye "utuepushe na maovu".

Lakini kurusha hawezi! Akizunguka mara tatu anatapika. Shemeji naye goti lake bovu. Kwa hiyo anayerusha ndege katika ukoo huu ni mimi, mama mzima, mshona kanzu za kwaya. Najifunga kanga kiunoni, navua viatu, nazunguka. Siri yake ni kutotazama chini. Tazama ndege tu, dunia iache ijizungukie yenyewe. Tatizo ni moshi. Mafuta yana mbarika ndani, na mbarika ukiivuta sana tumbo linakuwa na haraka. Kuna Jumapili nilitoka kwaya katikati ya ubeti wa pili. Watu wakadhani nimeguswa na Roho.

Nilikuwa napiga pindo la kanzu wazo likanijia. Ndege ya baba iruke. Mara moja tu, nzima, kabla shemeji hajaondoka. Na nirushe mimi, nisiye wa huku wala kule.


Jumatano, 7 Mei

Nimemfuata shemeji kazini. Ni mwalimu wa udereva, watu wanamwita Breki, maana upande wake wa gari ana breki yake mwenyewe na mguu haubanduki. Akaniambia ingia nyuma, muda hana. Mbele kulikuwa na mama mmoja anajifunza, shingo imekakamaa kama ufagio.

"Shemeji, injini ya baba."

"Simpi. Kushoto, mama! Simpi hata nati. Kushoto ni huku unakovaa saa!"

"Hujampa. Unaifunga kwenye mwili, inaruka, basi."

"Halafu anaificha. Namjua, tumelala kitanda kimoja miaka kumi na nne. Alikuwa anaficha mpaka soksi za— breki! Breki!"

Tukasimama puani mwa lori la mchanga. Nilikuwa nimeshafika "ee Bwana mikononi mwako". Yule mama mwanafunzi akapumua, akageuka nyuma, akamwambia: Mwalimu, si umpe tu huyo ndugu yako hicho kitu, tusije tukafa kwa ajili yake.

Akafuta miwani.

"Nafunga mwenyewe," akasema. "Asiiguse."

Mungu ambariki yule mama, na ampe leseni. Wengine wampishe barabarani.


Alhamisi, 8 Mei

Mume wangu naye ana sharti. Nyaya atafunga yeye. "Kaka akiingiza mkono kwenye nyaya zangu naivunja kwa goti." Sawa, baba. Vunja. Kumbe jioni namkuta ameupakata mwili wa ndege mapajani, anaupangusa vumbi kwa shati lake la kanisani.

Bawa la kushoto lilitoboka. Nimelivika hariri mpya na kupaka vanishi, nyumba yote inanuka kama karakana. Hariri nimeitoa kwenye bitana ya kanzu ya soprano wa pili. Atavaa bila bitana. Baridi hawezi kuisikia, anavyopiga kelele.


Jumamosi, 10 Mei

Shemeji kaja na injini ndani ya soksi. Ndogo, haifiki ngumi ya mtoto, lakini alivyoibeba ungedhani ni sakramenti. Akaifunga puani kwa bolti nne. Mume wangu amesimama mlangoni, mikono kifuani.

"Shemeji, mwambie mumeo asinipumulie kisogoni."

"Mwambie ni nyumba yangu, napumua ninapotaka."

Akafunga, akaipapasa kidogo, akaondoka. Hakunywa chai.

Mgongo wake haujapita geti — Gundi kachukua kibao chembamba, kafunika nati za zile bolti kwa ndani, kapaka gundi kila upande! Namuuliza unafanya nini. Eti anaziba vumbi. Vumbi gani, mume wangu? Vumbi lenye goti bovu?

Nilitaka kumsema. Halafu nikaona macho yake. Nikaenda kuchuja chai.


Jumamosi, 17 Mei

Nitaandika taratibu, nisiruke kitu.

Tulikwenda uwanja wa mpira asubuhi, umande haujakauka. Tukanyoosha nyaya kwenye nyasi. Ndege huku, kishikio kule katikati. Kabla ya injini kuwashwa lazima ujaribu: unainua mkono, unatazama mkia. Ulimi wa mkia ukiinuka, ndege itapanda. Nikainua. Ulimi ukashuka.

Nikapaza sauti: "Imegeuka! Juu imekuwa chini!"

Mume wangu yuko kwenye ndege. Shemeji yuko karibu nami, amekuja eti kukagua uwanja, kama trafiki. Nikaweka kishikio chini nikaenda pembeni kuvua viatu na kufunga kanga vizuri. Na kusali. Niliomba kwa kirefu, najilaumu, niliunganisha na wagonjwa wa jumuiya.

Nikarudi. "Mmerekebisha?"

"Tayari," akasema shemeji.

"Mwambie tayari!" akapiga kelele mume wangu kutoka kule, ingawa hakusema nimwambie nani.

Injini ikawashwa. Jamani ile sauti! Sijaisikia tangu baba mkwe yu hai — nyembamba, kali, kama nyigu kwenye debe. Moshi wa bluu. Shemeji, aliyekuja eti kukagua tu, alikuwa amevua kofia. Mume wangu amepiga magoti, ameishikilia ndege, midomo inacheza. Akaiachia.

Ikakimbia kwenye nyasi, ikainuka, futi moja, mbili. Nikainua mkono ipande.

Ikachimba. Hata sekunde haikufika. Pua chini, mkia juu, imesimama uwanjani kama muhogo uliopandwa. Pangaboi la puani vipande viwili. Nikasikia kunguru tu, Bwana.

Halafu wakaanza wote pamoja, wakinikodolea mimi.

"Shemeji! Mwambie mumeo kishikio nilikigeuza! Nilikigeuza kwa mikono yangu, cha chini nikakiweka juu!"

"Mke wangu! Mwambie nyaya nilizibadilisha! Ya juu nikaihamishia chini!"

Nikasimama na kishikio mkononi. Nikawaza. Huyu kageuza huku. Huyu kageuza kule. Ukigeuza mara mbili umegeuza nini? Hakuna! Kila mmoja alirekebisha kimyakimya, na wangesemezana neno moja tu, "nimegeuza", ndege ingekuwa mawinguni. Na mimi ningejaribu mkia mara ya pili badala ya kuombea wagonjwa.

Nikawaambia hivyohivyo. Na mengine nikawaambia, ambayo siyaandiki humu, kalamu hii naitumia pia kuandika maombi.

Shemeji akavaa kofia, akachechemea mpaka garini.


Jumapili, 18 Mei

Shemeji hakuja kula.

Sahani yake niliiweka. Saa nane nikaiondoa. Mume wangu akasema labda gari limeharibika. Baadaye akasema labda goti. Baadaye akatoka nje kutazama geti, eti linalia, linahitaji mafuta. Halilii.

Kanisani leo mchungaji amehubiri juu ya zaka. Siku ukimhitaji!


Jumatatu, 19 Mei

Soprano wa pili kauliza bitana iko wapi. Nimemwambia imepaa. Sikusema uongo, ilipaa futi mbili.


Jumanne, 20 Mei

Nashindwa kushona, kwa hiyo naandika.

Shemeji kaja saa tisa. Hakukaa. Mizigo imeshafungwa, binti yake anamtumia gari Alhamisi badala ya mwisho wa mwezi.

"Shemeji, nimefuata injini ya baba. Mwambie mumeo anipishe."

Mume wangu akapisha. Hakubisha hata! Hapo ndipo nilipoogopa. Mtu akibisha bado yupo.

Ndege ipo kwenye meza yangu ya kukatia, pua imepasuka, imejaa udongo. Shemeji akatoa bisibisi, akazungusha bolti. Inazunguka tu, haitoki. Akazungusha nyingine. Inazunguka. Nati zimeachia kwa ndani na huwezi kuzishika, maana juu yake kuna kile kibao. Akainama. Akavua miwani, akachungulia. Akakigonga kwa ukucha.

"Shemeji," akasema polepole, "muulize mumeo hiki ni nini."

Mume wangu akatazama dari. "Mwambie ni cha vumbi."

Nilidhani atampiga kwa ile bisibisi. Uso ukavimba. Kisha ikatoka sauti — nikadhani ni kikohozi. Anacheka! "Mwambie," akasema, machozi yanamtoka, "mwambie soksi! Mwambie ni zilezile soksi!"

Mume wangu hakucheka. Lakini pua ilimcheza.

Nikasema nakwenda kuinjika chai. Nimeinjika, nikaja kukaa huku chumbani, mlango nimeurudishia nusu.

Kwanza nimesikia msumeno mdogo. Kibao hakitoki bila kukata ubavu, na ubavu haukatwi bila mtu kushikilia injini isizunguke. Mikono minne. Mume wangu anayo miwili, nimehesabu.

Nimemsikia shemeji: "Shemeji! Mwambie mumeo…"

Sikuitika. Bwana nisamehe, nilijifanya kiziwi.

Akaita tena. "Shemeji!"

Halafu: "Shika hapo."

Hakuna mwambie! Nimekaza masikio. "Hapo wapi?" Huyo ni mume wangu. "Hapo, unaposhikaga." "Mkono wako umeziba." "Toa kichwa basi, mwanga." "Taratibu, kaka, utapasua." "Nimepasua magari wewe, hili…" "Baba alikuwa anaanzia mkiani." "Hakuwa anaanzia mkiani, wewe ulikuwa mdogo." "Nilikuwa namshikia mimi!" "Ulikuwa unashika, lakini hukuwa unatazama." Msumeno umesimama. Nimefumba macho.

Umeanza tena.

Birika linafoka jikoni, mfuniko unacheza, nasikia maji yanamwagikia moto. Chai itateketea, na birika lenyewe ni la mama mkwe. Siinuki. Njia ya jikoni inapita palepale walipo, na wakiniona tu watakumbuka kwamba hawasemezani.