Ujumbe Ninaouona Peke Yangu

Voi, Jumapili, Oktoba 1999. Joto, upepo, na vumbi jekundu mpaka ndani ya shuka zetu mpya.

Shajara yangu, hii ni wiki ya tatu tangu niolewe, na bado nikisikia Mwakio akifungua lango moyo unaniruka. Huamka kabla yangu anipikie chai! Nilitaka kuandika hayo tu. Lakini leo nina hasira.

Mwakio anafanya kazi kwenye duka la kompyuta karibu na steji ya matatu. Wateja wakiisha, huniruhusu niingie kwenye ule ukumbi wa mtandaoni wa watu wa kwetu walio Nairobi na ng'ambo. Tangazo la harusi yetu walilipokea kwa shangwe. Pongezi zilimiminika, nikalia kwa furaha.

Basi juzi nikaandika kuhusu kijijini kwetu, Sagalla. Ule mfereji wa maji waliouchangia watu wa ukumbini, ambao picha yake iko ukurasa wa kwanza wa ukumbi, ulitoa maji siku ya kufunguliwa tu. Mama yangu bado anabeba mtungi mgongoni kutoka bondeni. Niliandika kwa heshima. Hakuna aliyejibu.

Leo Mwakio akafungua ukumbi kwa jina lake, kwenye kompyuta ya pili.

"Mpenzi, huo ujumbe wako uko wapi?"

"Si huu hapa, juu kabisa!"

"Huko kwako. Kwangu hakuna."

"Vaa miwani, mume wangu."

"Tangu lini nikavaa miwani? Njoo uangalie."

Nikaangalia. Hakuna.

Wasimamizi wa ukumbi hawakuufuta. Wamewaficha wengine wote, wakaniachia nijisomee mwenyewe, nidhani nimesema.

Afadhali wangenitukana. Hila hii inanuka. Nikiandika mapenzi, nasikika mpaka ng'ambo. Nikiandika kiu ya mama, naongea na ukuta.

Mwakio akasema, "Waandikie kama bibi harusi."

Nilichukia kuivisha kiu ya mama shela. Lakini nikaandika: asanteni kwa pongezi, mume wangu ni asali tupu, na zile sufuria tulizozawadiwa tumempelekea mama Sagalla akingie maji mvua ikija, maana mfereji umekauka.

Ukapita! Pongezi tena, maua tena. Halafu mmoja, aliye mbali sana, akauliza: "Umekauka? Tangu lini?"

Nimemjibu yote, bila shela.

Jibu langu naliona hapa, juu kabisa.

Yeye, je, analiona?