Nani anatia sukari kwenye rojo la mama?

Jumamosi ya tatu ya Kwaresima. Mvua tangu alfajiri, mtaa wetu wa Chanji wote tope, na roho yangu imechafuka kuliko njia.

Naandikia hapa intaneti kafe ya karibu na soko. Nimechagua kompyuta ya pembeni kabisa, mgongo ukutani, ili mtu asinisomee. Ndivyo nilivyo. Sipendi mtu nyuma yangu.

Sikuzaliwa hivi. Nilifanya kazi miaka tisa kwenye shirika la umma. Lilipouzwa tuliitwa ukumbini tukaambiwa hakuna atakayepunguzwa, tukapiga makofi, na wiki ya pili yake orodha ikabandikwa mlangoni, jina langu la tatu. Tangu hapo mtu akiniambia "usiwe na wasiwasi", ndipo wasiwasi unapoanza. Sasa nasimama kaunta kwenye duka la vifaa vya ujenzi na kila msumari naukagua.

Lakini leo sizungumzii shirika. Nazungumzia rojo la epo.

Mama yangu ana kisukari. Aliletwa kwangu kutoka kijijini baada ya Krismasi, kidole gumba cha mguu wa kushoto kina kidonda kisichotaka kufunga. Daktari alisema mbele yetu sote: sukari ikishuka, kidole kitapona, ikizidi kupanda, kidole kitakatwa, na tuombe Mungu iishie kwenye kidole. Mama aliyesimama shambani miaka hamsini alisikia hayo akiwa amekaa kwenye benchi, akautazama mguu wake kama mguu wa mtu mwingine.

Shida ni kwamba chakula kilimshinda. Akaacha chai, akaacha ugali, akawa anaugeukia ukuta. Ndipo nikakumbuka kitu alichotufundisha sista mmoja shuleni, kwenye somo la upishi: epo zinapikwa zikawa rojo laini, na hazihitaji sukari hata chembe. Nikamuuliza nesi. Akasema sawa, kidogo kidogo, ilimradi usitie sukari.

Usitie sukari. Nililishika neno hilo kama amri ya kumi na moja.

Epo za dukani sikuzitaka. Zile nyekundu zinazong'aa, zimetoka Afrika Kusini huko, siku zote hizo barabarani na hazina hata kunyanzi moja. Nilinunua moja nikaiweka dirishani mwezi mzima. Haikuoza. Nikaikwangua kwa kucha, ikatoka nta. Nikasema hiki kitu mama yangu hali. Siku hizi kila kitu kinaingia, mlango uko wazi, nani anajua kinachoingia?

Nikapata za kwetu huku juu, ndogo, za kijani, zenye makovu, kutoka bustani ya masista. Chachu hizo, ukiuma jicho linafumba lenyewe. Ndizo nikaziamini.

Nazimenya, natoa kokwa, nakata vipande vidogo. Maji nusu kikombe, mfuniko, jiko la mkaa lenye moto mdogo. Zikilegea naziponda kwa mwiko. Rojo linatoka jepesi na chachu, na mama ni Mfipa: kitu kisicho na ulezi ndani kwake ni maji tu. Basi natia konzi moja ya unga wa ulezi wakati linachemka, lishikane. Konzi ya pili nainyunyiza nikishaipua, ili harufu ya ulezi ibaki. Nakoroga, nafunika, naizungushia sufuria blanketi kuukuu, naiweka kwenye kikapu. Baridi ya huku mnaijua. Bila blanketi, mama angekula rojo la barafu saa saba mchana.

Asubuhi naonja: zito, chachu. Naondoka kwenda kazini.

Mchana alikuwa anakuja wifi yangu, mke wa mdogo wangu, kutoka Milanzi. Anakuja kwa miguu, mtoto wa miezi mitano mgongoni, anampakulia mama, anamsafisha kidonda, anafua. Hakuna aliyemlazimisha. Hilo nalijua sasa. Wakati ule nilijiuliza anatafuta nini kwangu.

Maana jioni moja nilirudi, nikafunua sufuria, nikaonja kilichobaki.

Tamu.

Si utamu wa tunda. Utamu wa kitu kilichotiwa. Na lile rojo zito la asubuhi lilikuwa limelegea, linamiminika kama supu.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Mtu amekula nusu, ameongeza maji ili kiwango kionekane kilekile, kisha akatia sukari kuficha maji. Na wiki ile kliniki kipimo cha mama kilikuwa kimepanda. Wiki iliyofuata kikapanda tena. Daktari akakiangalia kidole muda mrefu.

Mimi nikajua nani.

Nitaandika nilichofanya, maana kesho nakwenda kuungama na nisipoanzia hapa nitamficha hata padre. Ijumaa ya wiki iliyopita niliwahi kurudi. Wifi alikuwa uani anaanika nguo. Nikamchukua mtoto, nikajifanya nambusu, nikamnusa mdomo. Mtoto wa miezi mitano. Nilikuwa natafuta harufu ya epo.

Alinuka maziwa.

Hata hilo halikunitosha. Nikamwita wifi ndani, mbele ya mama, nikamwambia nimeshamjua. Nikamwambia anaiba chakula cha mgonjwa na sukari anayotia itamkata mama mguu. Akaweka beseni chini. Akasema, "Wifi, mimi hiyo sufuria naifunua nikimpakulia mama tu." Nikamwambia wezi wote husema hivyo, na kwamba huko kwao labda wamezoea vyungu vya watu. Mama akasema kwa Kifipa ninyamaze. Sikunyamaza. Wifi akamfunga mtoto mgongoni, akamuaga mama vizuri, kwa adabu zote, akatoka kwenye mvua.

Nikafurahi. Naandika ukweli. Nilisikia raha, kama mtu aliyekamata panya.

Kuanzia Jumatatu nikamwangalia mama peke yangu. Unga nikaufungia kabatini chumbani kwangu, epo pia. Na nilipokwenda kazini nikafunga mlango wa nje kwa kufuli, mama akiwa ndani na mguu wake. Nilimwekea rojo, maji na ndoo karibu na kitanda. Siku tano. Moto ungezuka je? Sikufikiria moto. Nilifikiria mwizi.

Jumanne nikarudi, nikaonja. Tamu. Limelegea.

Nikasema kumbe wifi ana ufunguo. Nikabadilisha kufuli, dukani kwetu zimejaa. Jumatano, tamu.

Juzi Alhamisi kipimo kilikuwa kibaya kuliko vyote. Daktari alisema wiki ijayo tuje na nguo za kulala. Sikulala vizuri hadi leo.

Na jana, Mungu anisamehe, nikamshuku mama mwenyewe. Kwamba ana sukari kaificha. Alipokuwa amesinzia nikaingiza mkono chini ya godoro, nikapapasa kutoka kichwani hadi miguuni. Nikapata rozari na kadi za kliniki. Nilipoinua uso, macho yake yalikuwa wazi. Akaniuliza, "Unatafuta nini, mwanangu?" Nikasema kunguni.

Leo sikwenda kazini. Nikapika mbele ya macho yangu, nikaonja, chachu. Nikazungushia blanketi. Nikavuta kigoda nikakaa mbele ya kikapu kuanzia saa mbili asubuhi, mvua inapiga bati, sikuinuka hata kwenda uani. Mtu hakuingia. Paka hakuingia. Saa saba nikafungua.

Tamu. Linamiminika.

Sisi watu wa Sumbawanga tunataniwa nchi nzima kwa uchawi. Ukisema unatoka huku, mtu anasogeza kiti chake mbali nawe huku anacheka. Nimewajibu wengi kwa hasira. Lakini leo, nimeshika mwiko mkononi, nilitazama juu ya kenchi kuona kama kuna kitu kinaning'inia.

Nadhani nilipiga kelele, maana mama aliniita. Nikamweleza yote, kuanzia siku ya kwanza. Hakucheka. Akauliza natia nini humo. Nikamtajia: epo, maji, unga wa ulezi. Akauliza unga upi. Nikasema ule ule uliokuja nao wewe.

Akajiinua kwenye mto. Kisha akasema niulete.

Nikafungua kabati, nikamletea kopo. Akachovya vidole viwili, akanusa, akaweka kidogo ulimini. Akalirudisha kopo kwangu taratibu.

"Hiki si unga wa uji," akasema. "Hiki ni kimea."

Kwa wasomaji wa mijini kama mimi: kimea ni ulezi uliolowekwa, ukaachwa uote, ukaanikwa, ukasagwa. Ndicho kinachotengeneza pombe. Ndicho wanawake wa kwetu wanachonyunyiza kwenye uji mzito wa mtoto, ukishaipuliwa, nao unalegea na kuwa mtamu wenyewe bila sukari. Kila mwanamke wa kijijini anakijua kwa pua. Mimi nimenunua unga dukani tangu niwe na akili. Mama aliposhuka kwenye basi na kimfuko chekundu nikaona unga, nikasema ahsante, nikaumimina kwenye kopo. Yeye akadhani nimemtunzia.

Konzi ya kwanza nikaichemsha. Konzi ya pili nikainyunyiza likiwa limeipuliwa. Kisha nikalifunika blanketi lisipoe, kimea kikapata joto la kufanya kazi yake, saa tano nzima. Mpishi wa pombe asingefanya vizuri zaidi.

Wiki tano. Mkono wangu mwenyewe.

Na mtu pekee ndani ya nyumba ile ambaye angelifungua kopo na kucheka, akaniambia "wifi, umepotea hapa", ndiye niliyemfukuza, na kopo nikalifungia kabatini.

Nilimuuliza mama kwa nini hakusema kwamba rojo ni tamu. Akasema alidhani ndivyo epo zilivyo. Hajawahi kula epo maishani mwake. Nikamuuliza kimea alikileta cha nini, mtu mgonjwa kubeba kimea. Akasema alitaka, Pasaka, akipata nguvu, apike pombe ya ubatizo wa mtoto wa wifi yangu.

Nilikaa chini sakafuni. Sikulia palepale. Nililia baadaye, njiani, mvua ikanisaidia.

Nilimwomba jirani akae na mama, na mlango nikauacha wazi. Nikaenda Milanzi kwa miguu, viatu mkononi.

Wifi alikuwa peke yake na mtoto, anapepeta mahindi. Alinyanyuka aliponiona, akanipa kigoda, akanisalimia kama kawaida. Nikamwambia yote pale pale, hata lile la kumnusa mtoto, maana hakuliona. Lile la kumnusa mtoto ndilo lililombadilisha uso. Akainama akaendelea kupepeta. Nikamuuliza, hata yeye hakuwahi kuonja? Akasema alionja, siku ya kwanza tu. Alijua limetiwa kitu. Alidhani ni mimi, nimemwonea mama huruma. "Ningekuuliza vipi, wifi?" akasema. "Wewe huulizwi."

Nikasema nisamehe. Akasema, "Yameisha."

Alisema vizuri, bila kinyongo nilichoweza kukiona, na mimi kinyongo nakiona hata pasipokuwepo. Akaniuliza mguu wa mama. Akasema Jumatatu atakuja, na kwamba rojo tulipike bila unga wowote, mama atazoea. Nikaanza kupumua.

Kisha akaingia ndani, akatoka na togwa kwenye kikombe cha bati. Mvua ilikuwa imeacha, kuku wanatoka chini ya uchaga. Alipiga magoti kama wanavyopiga wake wa huku wanapompa mkubwa kitu. Nikanyoosha mikono miwili kupokea.

Hakunipa. Alikipeleka kinywani mwake kwanza. Akanywa funda moja, akameza, akasubiri kidogo ili nione amemeza. Ndipo akanipa.

Ni desturi yetu, hakuna asiyeijua. Anayekupa kinywaji anaonja kwanza, ujue hakuna kitu ndani. Lakini hufanyiwa mgeni. Hufanyiwa mtu wa mbali, au mtu mliyekosana naye. Kwa miaka sita nimekula na kunywa kwa wifi yangu, na hajawahi kunionjea. Ndugu haonjewi.

Hakufanya kwa kunichoma. Hilo ndilo linaloniuma. Alifanya kwa heshima, kwa jinsi alivyonielewa.

Nilikinywa chote.