Injini ya Mzee Maganga

Kilosa, Jumapili, saa kumi na moja jioni. Jua limepungua ukali. Nimeoga mara mbili, lakini vumbi la barabara ya Mikumi bado limo masikioni. Kiuno kinauma, na viganja vinatetemeka kama vile bado nimeshika usukani. Nina furaha. Nataka niandike sasa hivi, kabla sijaanza kuyapamba mambo.

Maana safari hii nilikuwa na la kuungama.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni katibu wa chama chetu cha wenye pikipiki za zamani. Kila mwaka, mavuno yakishaingia ndani, tunatoka Kilosa kwa msafara hadi Mikumi, tunalala, kesho yake tunarudi. Jumamosi mchana tunakagua pikipiki na kumtuza mwenye pikipiki kongwe kuliko zote ambayo bado ina injini yake ya asili. Tuzo yenyewe ni tangi bovu la mafuta tulilolipaka rangi ya dhahabu. Halina kazi yoyote, na kila mtu analitaka.

Nililichukua miaka mitatu mfululizo. Pikipiki yangu niliirithi kwa marehemu baba, aliyekuwa bwana shamba, na imenizidi umri kwa miaka miwili. Nimekua nikiamini kwamba injini yake haijawahi kubadilishwa. Niliwaambia hivyo wote, na hakuna aliyebisha, kwa sababu kazi ya kulinganisha namba ya injini na namba ya kwenye kadi ya usajili ni ya katibu. Katibu ni mimi.

Mwaka jana alijiunga mzee mmoja wa Msowero, Mzee Maganga. Ni mkulima na mfugaji, alihamia huku na familia yake kutoka kanda ya ziwa miaka mingi iliyopita, na alikuja na pikipiki kongwe kuliko yangu. Injini yake ilikuwa inang'aa. Niliinama na tochi, nikapiga picha ya namba na ya kadi kama ilivyo kawaida yetu, kisha nikasimama na kusema mbele ya watu wote, "Hii injini si yake. Imebadilishwa."

Sikuwa nimesoma hata tarakimu moja.

Niliona mng'ao ule nikaona tangi langu linaondoka. Na watu waliniamini, kwani mimi ni msoma mita za maji, kusoma namba ndiyo riziki yangu. Mzee Maganga hakubishana. Aliifunga kadi yake kwenye mfuko wa nailoni, akamwita mkewe, Mama Kulwa, wakaondoka chakula kikiwa bado jikoni. Mikutano yote iliyofuata hakuonekana.

Nilijiambia kwamba kama ningekuwa nimekosea, angebisha. Nikaishi na hilo vizuri tu, karibu mwaka mzima.

Wiki tatu zilizopita pikipiki yangu ilianza kuvuja oili. Nikaishusha injini, nikaiosha kwa petroli na mswaki. Uchafu wa miaka ulipotoka, namba ikajitokeza. Nikachukua kadi ya baba ili niione raha yangu.

Hazikufanana.

Nilikaa chini sakafuni. Halafu nikafungua simu na kutafuta zile picha za mwaka jana. Namba ya injini ya Mzee Maganga na namba ya kadi yake zilikuwa kitu kimoja, tarakimu kwa tarakimu.

Nikaenda kwa mama, nikamkuta anachambua mchele uani. Nikamuuliza, nikitarajia ashtuke. Hakuinua hata uso. Akaniambia ile injini ya kwanza ilifia kwenye mashamba ya miwa huko Ruaha, baba akiwa kazini, mimi nikiwa bwenini kidato cha pili. Baba akatafuta nyingine, akaifunga mwenyewe siku mbili, akasukuma pikipiki mpaka barabarani, ikawaka.

"Mbona hamkuniambia?" nikamuuliza.

"Alinikataza," akasema mama. "Ulikuwa unaringa nayo mno. Alikuonea huruma."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Msowero. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Mzee Maganga nilimkuta anarudishia miiba kwenye zizi la ng'ombe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, Mama Kulwa akaniletea maziwa na kigoda. Nikamweleza yote: kwamba sikusoma namba, kwamba nilimwonea kijicho, kwamba nimeziangalia picha na injini ni yake. Nikamwomba radhi na kumwomba aje Mikumi mwaka huu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja umeshika tawi la miiba.

"Uliponiita mwongo, tulikuwa watu zaidi ya ishirini," akasema. "Hapa tupo watatu."

Akarudi kwenye zizi lake. Nikamaliza maziwa, nikaaga, nikaondoka.

Jana asubuhi tulikusanyika Kilosa pikipiki kumi na saba. Mzee Maganga hakuwepo. Mwenyekiti wetu, Mama Tatu, mkunga mstaafu ambaye pikipiki yake ndiyo ileile aliyozungukia vijijini akizalisha, alitungojesha nusu saa zaidi kwa ajili yangu, kwa kuwa nilikuwa nimemdokezea kidogo. Mwisho akapiga kiki. Tukamfuata.

Naungama na hili: nilipoona hakuja, sehemu fulani ya moyo wangu ilishusha pumzi. Asipokuwepo, nitamwomba radhi nani? Kilomita kadhaa nilizipita nikiwa na amani hiyo ya uongo, mashamba yakipita huku na huku, mabua ya mahindi yamekauka, watu wakisimama kutupungia.

Tulisimama kijiji cha Ulaya kupoza injini na kunywa chai. Kila mwaka lazima mtu apige picha na kuwatumia nduguze kwamba leo amefika Ulaya kwa pikipiki, na kila mwaka tunacheka. Nilikuwa na kikombe mdomoni niliposikia mlio nyuma yetu, mzito, wa taratibu. Niliujua kabla sijageuka. Mzee Maganga, na nyuma yake Mama Kulwa, kofia ngumu kichwani, amekumbatia ndoo ya maziwa mgando.

Alishika mkono wa kila mmoja. Alipofika kwangu nikasema shikamoo. Akasema marahaba, akapita.

Tulifika Mikumi saa saba. Tulipanga pikipiki kwenye uwanja wa nyumba ya wageni tunayofikia kila mwaka, mabasi ya barabara kuu yakipita kwa kishindo upande wa pili. Mama Tatu akaniita nianze ukaguzi. Nikamwomba dakika mbili.

Nikawaambia. Sikuyapamba. Nilisema mwaka jana nilimwita Mzee Maganga mwongo bila kusoma namba, kwamba injini yake ni ya asili, na kwamba nilifanya hivyo kwa sababu nililitaka tangi. Halafu nikampa Mzee Maganga tochi, mimi nikashika kadi ya baba, nikamwomba aikague pikipiki yangu.

Aliinama. Mzee yule huchukua muda wake. Alisoma tarakimu moja moja kwa sauti, na mimi nikasoma za kwenye kadi kwa sauti. Ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu tukatofautiana, na kuanzia hapo hazikukutana tena.

Basi likapita.

"Kumbe katibu mwenyewe anatembelea injini ya kuazima," akasema Mama Tatu, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Nami nikacheka, mwanzo kwa aibu, baadaye kweli.

Mzee Maganga hakucheka. Aliniambia niiwashe. Nikapiga kiki, akaweka sikio karibu, akasikiliza kwa muda mrefu kama daktari anayesikiliza kifua.

"Aliifunga nani?"

Nikamwambia ni baba, peke yake, kule Ruaha.

"Alijua kazi," akasema, akanirudishia tochi na kunishika bega.

Basi. Sikuhitaji zaidi ya hapo.

Tangi la dhahabu alilichukua yeye, bila mjadala. Mtu mmoja akamuuliza injini ya umri ule inang'aaje namna hiyo. Akamwonyesha mkewe kwa kidole. Mama Kulwa akasema anaisugua kwa jivu, kama sufuria zake, kwa sababu mumewe akirudi na pikipiki chafu huchafua na nguo zake za ibada. Nilimwangalia nikaona aibu upya. Mwaka mzima usafi wa mama wa watu nilikuwa nimeuita udanganyifu.

Leo tumerudi taratibu. Kutoka kijiji cha Zombo mpaka hapa nilikwenda sambamba na Mzee Maganga, bila kuongea, kwani kwa kelele zile utaongea nini. Tulipoingia Kilosa niliwaomba wapite kwa mama wapate chai kabla ya kuendelea na safari ya Msowero. Walikaa saa nzima. Mama aliwasimulia habari ya injini iliyofia kwenye miwa, na safari hii aliongeza mambo ambayo mimi hakuniambia: kwamba baba alilia, mtu mzima, amekaa pembeni ya barabara na spana mkononi. Nikaambiwa hivyo mbele ya wageni, na sikuona haya. Nilimpenda baba zaidi.

Wameondoka muda si mrefu, Mama Kulwa nyuma, ndoo tupu imefungwa kwa kamba, tangi la dhahabu limekaa kati yao kama mtoto.

Mwezi huu nitapeleka kadi ikasahihishwe, namba ya injini aliyoifunga baba iandikwe rasmi. Na ukaguzi wa mwakani nimeomba tukague wawili wawili. Mama Tatu amekubali.

Lakini kuna swali limekaa nami tangu nivue viatu, na sitaki kulikwepa hapa ambapo hakuna anayenilazimisha. Kama namba zile sakafuni kwangu zingelingana, je, ningefungua picha za mwaka jana? Ningekwenda Msowero?

Sidhani.

Hilo linaniuma kidogo. Mengine yote ya siku hizi mbili ni raha tupu, na ninayapokea.